Simu ya Asubuhi kutoka Mahoo

Juzi nilimfundisha mwalimu mmoja wa kule Taveta kuvaa kidude cha kupima sukari, kile cha duara kama kifuniko cha soda ambacho hubandikwa nyuma ya mkono na kukaa hapo siku nyingi kikisoma sukari chenyewe. Mimi nilikuwa Voi, kwenye chumba chetu cha kliniki kinachotazama kilima cha Ndara. Yeye alikuwa kwenye ofisi ya walimu, simu yake ameiegemeza kwenye rundo la vitabu vya kusahihisha. Nilimwona uso, nikamwona mkono, nikaiona hata chai iliyokuwa ikipoa pembeni. Nikamwambia bonyeza, akabonyeza. Nikamwambia subiri, akasubiri. Kidude kikashika.

"Ni hivyo tu?" akauliza.

Ni hivyo tu. Tukaagana kabla kengele ya kipindi cha kwanza haijalia.

Kazi imekuwa rahisi na ninashukuru. Lakini nilipoiweka simu mezani nilijikuta nikiikumbuka simu nyingine, ile isiyokuwa na picha, na sauti ya mwanamke wa Mahoo, kijiji kimoja cha Taveta, niliyekuwa nikizungumza naye kila asubuhi, na nyuma yake sauti ya mama mkwe wake aliyekuwa akiniita sista. Mimi ni mwanamume. Nitalifikia hilo.

Hiyo ilikuwa miaka ya korona. Kabla yake, kufundisha mgonjwa wa sukari kulikuwa jambo la benchi. Siku ya kliniki watu walijaa koridoni, kila mmoja na kadi yake na chupa yake ya maji, na mimi nilipita nao watatu wanne kwa pamoja. Nilikuwa na chungwa. Kila aliyeanzishiwa insulini alijifunza kulidunga chungwa kwanza, kwa sababu ganda lake linakataa kidogo halafu linakubali, kama ngozi. Mmoja akikosea, wenzake walimrekebisha kabla yangu. Walichekana, wakapeana moyo, na mara nyingi aliyekuja akilia aliondoka akimfundisha aliye nyuma yake. Hilo benchi lilikuwa mwalimu kunishinda mimi.

Kisha benchi likaondolewa. Tukaambiwa watu wasikusanyike. Wa karibu waliendelea kuja mmoja mmoja, lakini wa Taveta, ambao hata siku za kawaida safari yao ya kuja kwetu humaliza nusu ya siku, wakakoma. Nikapewa simu ya kliniki na kiti kwenye stoo ya dawa, katikati ya maboksi ya glavu, nikaambiwa niwafundishe humo.

Siku za mwanzo zilinitoa jasho. Niligundua kwamba nusu ya ufundishaji wangu wote ulikuwa vidole. Nilizoea kusema "hapa," "hivi," "hii," na mtu akaona. Kwenye simu, "hapa" ni wapi? Mgonjwa wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa mzee mmoja mwenye duka la vitambaa hapa hapa Voi, aliyeogopa kuja kliniki, mtu wa familia za Waislamu waliotoka pwani zamani. Alinisikiliza nikihangaika, kisha akanikata kwa upole.

"Mwanangu, mimi nauzia watu nguo kwa simu tangu simu za mezani. Mteja hakioni kitambaa. Sasa nikimwambia 'hiki kizuri hiki,' atanunua nini? Namwambia rangi, namwambia uzito, namwambia ukikipitisha mkono utahisi vipi. Nawe niambie hivyo hivyo. Hicho kidude kina umbo gani, na nikikishika sawasawa nitajuaje?"

Tangu siku hiyo nilianza kueleza kwa mkono na kwa sikio. Sikusema tena "ingiza stripi hivi," yaani kile kipande chembamba kinachopokea tone la damu. Nilisema, "Stripi ina upande mmoja wenye mistari myeusi. Pitisha kucha, utahisi imekwaruza. Upande huo ndio unaotangulia kuingia. Ikifika mwisho mashine italia kidogo." Na nilijiwekea desturi moja: chochote nilichomwambia mgonjwa afanye, nilikifanya mimi pia wakati huohuo, kwa vifaa vilevile, nikiwa nimeiweka simu kwenye spika juu ya boksi. Akijitoboa kidole, nami nimejitoboa. Mwisho wa wiki vidole vyangu vilikuwa na matundu mengi kuliko vya mgonjwa yeyote, lakini nilijua mahali ambapo mkono husita, na nilijua ninyamaze kwa muda gani.

Mama wa Mahoo alikuja kwangu kwa njia hiyo. Alikuwa mjane mwenye shamba la migomba, watoto wake wakifanya kazi mbali, na aliishi na mama wa marehemu mumewe. Vidonge vilikuwa vimeacha kumtosha. Alifika kliniki mara moja tu, akapewa insulini, mashine ya kupimia na peni tupu ya kudungia, ya mazoezi, na kabla hajarudi mara ya pili mambo yakafungwa. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyo na picha. Kila siku saa moja asubuhi, akiwa hajala kitu, alibipu mara moja, nami nikampigia.

Somo la kwanza lilikuwa la sindano.

"Mama, uko na kitu laini hapo ndani tufanyie mazoezi? Chungwa liko?"

"Chungwa hapana, daktari. Niko na ndizi." Nilikuwa nimemweleza kwamba mimi ni muuguzi, lakini alikataa kubadilisha.

"Ndizi itafaa. Chukua ambayo haijaiva sana."

"Sasa nidunge ndizi? Kwani inaumwa na nini?"

Kutoka nyuma, sauti kavu ya kizee ikauliza, "Nani anaumwa?"

"Ndizi, mama. Daktari anataka tuitibu."

"Mwambie akuje atibu magoti yangu kwanza."

Ndivyo nilivyokutana na mama mkwe. Hakuwa akiona vizuri, hakuwa na meno, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, kwa sababu Kitaveta kilimtosha maisha yake yote. Lakini masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Alijua kwamba mtu wa hospitali anayepiga simu ni sista, basi. Siku ya pili, nilipofika kwenye somo lenyewe na kumweleza mkaza mwana wake ashike mkunjo wa ngozi ya tumbo, vidole viwili kutoka kitovuni, mama mkwe akapaza sauti.

"Huyo sista yako mbona ana sauti ya mwanaume?"

"Ni mwanaume, mama."

"Na anakwambia ushike tumbo? Asubuhi asubuhi? Mbele yangu?"

Mama wa Mahoo alicheka mpaka simu ikaanguka, na mimi kwenye stoo yangu nikacheka peke yangu kati ya maboksi. Tulipotulia, nilimhesabia pole pole, akajidunga. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyevuka mto, "Kumbe haiumi sana."

"Umefanya vizuri sana, mama."

"Hata mimi nimeona."

Alikuwa mwanafunzi ninayemkumbuka kuliko wengi. Hakuwa mwepesi, ila hakuacha kuuliza. Hakuwa na friji, kwa hivyo insulini aliihifadhi kwenye chungu cha udongo kilichozamishwa kwenye mchanga aliokuwa akiumwagia maji kila siku, chini ya kivuli cha jiko. Nilimwambia aweke mkono wake humo kisha anieleze anahisi nini, akasema ni kama mkono umeingia kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba kabla jua halijapanda. Nikajua dawa iko salama. Asubuhi alipima, akanisomea namba, akajidunga, tukaongea kidogo juu ya mvua au tumbili walioingia kwenye migomba. Jioni alipima na kujidunga tena.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Namba za jioni zilikuwa nzuri. Za asubuhi zilikuwa mbaya: kumi na nne, kumi na sita, siku nyingine kumi na saba. Kwa asiyejua, nitaeleza: asubuhi kabla ya kula, mtu kama yeye tungependa awe saba au chini yake. Kumi na saba ni sukari ya mtu aliyekunywa soda na kuongeza andazi. Na yeye alikuwa ameamka tu.

Tulitafuta. Nilimuuliza kama kopo la stripi hufungwa vizuri, kwa sababu hewa huziharibu. Akanifungulia na kunifungia kopo karibu na simu nisikie kifuniko kikilia. Nilimuuliza kama amekula usiku. "Sijala, daktari." Nilimuuliza kama ameweka sanitaiza kabla ya kutoboa kidole. "Nimeweka, na imekauka." Kila hatua aliifanya sawa, nami nilikuwa naifanya pamoja naye, na yangu ikitoka tano, yake inatoka kumi na sita.

Daktari wetu, mtu makini asiyependa haraka, alisubiri kwa muda, halafu akamwongezea kipimo cha insulini ya jioni. Namba za asubuhi hazikusogea. Kilichokuja ni kitu kingine. Asubuhi moja alinibipu mapema kuliko kawaida.

"Daktari, jana usiku niliamka nimelowa kama nimemwagiwa maji. Mikono inatetemeka. Mama ndiye alisikia kitanda kinagonga ukuta."

"Ulifanya nini?"

"Nilikunywa chai ya sukari kama ulivyonifundisha. Ikaisha."

Kutetemeka na jasho usiku ni sukari kushuka. Lakini alipopima asubuhi ile ilikuwa juu, na asubuhi iliyofuata, ambayo hakunywa chai yoyote usiku, ilikuwa juu pia. Daktari alikunja uso. Alisema kuna watu ambao sukari yao huanguka usiku halafu mwili ukaipandisha wenyewe kupita kiasi, na mtu kama huyo hawezi kupangiwa dawa kwa simu. Alikuwa na haki ya kuogopa. Sukari ikishuka vibaya usingizini, mtu anaweza asiamke.

"Jumatatu aje," akasema. "Tutamlaza tumwangalie."

Nilimpigia kumwambia.

"Kwa siku ngapi?" akauliza.

"Sijui, mama. Mpaka tuelewe."

Akashusha sauti. Nilisikia akitembea, ndara zake zikipiga ardhi, mpaka akawa nje. Akaniambia shemeji yake wa Mombasa alikuwa amekwisha kusema: siku atakapolazwa, yeye atakuja kumchukua mama yake akaishi naye kwenye nyumba ya ghorofa, na hatamrudisha, kwa sababu mgonjwa hawezi kulea mgonjwa.

"Si mtu mbaya," akasema. "Ana nafasi. Lakini huyu mama hajui sehemu nyingine. Hapa anatembea kwa kushika ukuta na haanguki. Anajua mgomba gani uko wapi. Kule atakaa kwa kiti angoje kuletewa chakula na mtu asiyejua Kitaveta. Daktari, atakufa kwa kukosa mtu wa kugombana naye."

"Na wewe?"

"Mimi tumegombana naye tangu nikiwa msichana. Nitagombana na nani?"

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi kliniki hufungwa saa sita, na nilikaa stoo baada ya wengine kuondoka. Nilikuwa nimemfundisha kila kitu nilichokijua. Nikafikiria siku za benchi, jinsi aliyeelewa alivyokuwa akimfundisha wa nyuma yake, na jinsi nilivyokuwa nikigundua makosa kwa kusikiliza anavyofundisha. Jumapili asubuhi nikarudi stoo, nikampigia kabla hajabipu.

"Mama, leo mimi ndiye mwanafunzi. Jifanye mimi ni msichana nimeolewa hapo jana, na nina sukari. Nifundishe asubuhi ya hiyo nyumba. Usianze kwa mashine. Anza nikifungua macho."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Hata paka."

Akacheka kidogo, bila furaha nyingi, akaanza. "Haya, msichana. Unaamka. Unafungua kuku. Unawasha moto, unabandika maji. Unamwamsha mama, unamfuta uso na kitambaa cha moto, unamkalisha hapa karibu na mlango apate jua. Halafu unakaa na wewe, unaweka sanitaiza, unatoa mashine, unaingiza stripi, ule upande unakwaruza..."

Kutoka karibu na mlango, kwa Kitaveta, maneno mengi ya haraka.

"Mama, anataka mambo ya mashine."

Maneno mengine, makali zaidi. Kisha, kwa Kiswahili, ili mimi nisikie: "Mbona humwambii ndizi yangu?"

"Hiyo haimhusu."

"Amesema kila kitu. Mimi nimesikia. Hata paka amesema. Sasa paka ataingia na mimi niachwe?" Na kwangu, kwa sauti ya juu kana kwamba Voi ni mbali sana: "Sista! Mimi sina meno! Kila asubuhi huyu ananipondea ndizi. Ile imeiva kabisa, nyeusi nyeusi. Ananipondea na mkono. Kijiko sitaki, kijiko ina ladha ya chuma!"

Nilisimama. Boksi la glavu lilianguka na sikuliokota.

"Mama," nikamwambia mkaza mwana, "hiyo ndizi unaiponda saa ngapi?"

"Saa hizi. Sasa hivi nimemaliza kumlisha."

"Kabla ya kupima?"

"Kabla. Yeye hawezi kungoja."

"Halafu mikono?"

"Napangusa na leso. Halafu sanitaiza, kama redio inavyosema."

"Na maji na sabuni?"

"Maji na sabuni si yako pale nje kwa njia? Ule mtungi wa bomba. Hayo ni ya wageni, daktari."

Ni lazima niwakumbushe jinsi tulivyoishi miaka ile. Kila boma lilikuwa na mtungi wa maji na sabuni pale mtu anapoingilia, na kila mtu alijua ni kwa ajili ya anayetoka nje na ugonjwa wake. Wa ndani hawakuwa wageni. Ndani kulikuwa na kichupa cha sanitaiza, na hapa Voi, ambapo bomba linaweza kukauka wiki nzima, nasi kliniki tulizoea pamba ya spiriti kwa kila kidole. Lakini sanitaiza huua vijidudu, haiondoi utamu. Ndizi iliyoiva kabisa ni sukari tupu. Ukiiponda kwa vidole, inabaki kwenye ngozi, kwenye mikunjo, kando ya kucha. Unaipaka sanitaiza, inakauka hapohapo. Kisha unatoboa kidole, damu inatoka katikati ya sukari hiyo, na mashine, ambayo haijui kutofautisha damu na ndizi, inasoma vyote.

Sikumweleza hayo yote wakati ule. Nilimwambia, "Pima sasa, kwa mkono ulio nao."

Nilisikia stripi ikiingia, mlio mdogo, kimya. "Kumi na sita."

"Nenda kwa maji ya wageni. Sabuni, mpaka kwenye kucha. Usikate simu."

Akaiweka simu chini. Nikasikia ndara zikienda. Nikamsikia mama mkwe akiiuliza hewa kuna nini. Kuku. Mbali kidogo, maji yakianguka kwenye mawe, yakisita, yakianguka tena. Sijawahi kusikiliza maji kwa makini namna ile. Ndara zikarudi.

"Nimejikausha."

"Kidole kingine. Pole pole, hakuna haraka."

Mlio mdogo.

"Daktari, hii mashine imeharibika."

"Imeandika nini?"

"Sita nukta mbili."

Nikakaa chini, juu ya boksi lenyewe. Nikamwambia haijaharibika. Nikamwambia sukari yake ya asubuhi huenda ilikuwa nzuri muda wote huo, na dawa tuliyomwongezea ilikuwa ikipigana na ndizi isiyokuwemo mwilini mwake, ndiyo maana usiku ilimwangusha. Mama mkwe hakuvumilia.

"Nini? Nini?"

"Mama, ndizi yako karibu inipeleke Voi."

"Ndizi yangu? Wacha kusingizia ndizi yangu!"

Hapo ndipo yule mwanamke alipoanza kulia, kilio cha kicheko, na mimi nikamwacha, kwa sababu hilo nalo nilikuwa nimejifunza kwenye simu: kunyamaza bila kukata. Halafu nikampigia daktari nyumbani kwake, akiwa anavaa kwenda kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili, akacheka kwa sauti. Jioni hiyohiyo kipimo kilirudishwa kilipokuwa. Alitaka mama apime kwa mikono iliyooshwa Jumatatu na siku zilizofuata kabla hajaamua juu ya kumlaza, na zote zilikuwa namba za kupendeza. Kitanda alichowekewa alipewa mtu mwingine. Shemeji wa Mombasa alipigiwa akaambiwa abaki na nafasi yake, asante.

Nyumba ile ilibadilisha jambo moja tu: kupima kwanza, ndizi baadaye. Mama mkwe aliliona kama dhuluma.

"Kwa hivyo siku hizi mashine inakula mbele yangu?"

"Inakula tone moja tu, nyanya," nilimwambia kwenye spika.

"Hata mimi nakula kidogo. Lakini nakula kwanza."

Nimefikiria mara nyingi ingekuwaje kama angekuja kulazwa. Wodini angenawa, angekula chakula cha wodini, hakuna wa kupondewa ndizi. Namba zingetulia tangu siku ya kwanza, tungeshangaa, tungemrudisha nyumbani. Na nyumbani asingemkuta wa kumpondea. Kwenye benchi nilikuwa naona mikono ya watu lakini sikujua ilitoka kugusa nini. Simu ya kabambe haikunionyesha kitu, ila ilinikalisha ndani ya nyumba yao asubuhi, na nyumba ikasema yenyewe. Mpaka leo, mgonjwa mpya akinitokea kwenye kioo cha simu na mkono tayari ameukunja, namwomba kwanza anisimulie anavyoamka. Wengine huona napoteza muda. Mwalimu wa juzi alinipa sentensi moja na nusu. Nilizipokea.

Kliniki ilipofunguliwa tena, simu za kila asubuhi zilikoma. Mama wa Mahoo alikuwa amejua kila kitu, hakunihitaji. Ndivyo inavyotakiwa, na bado asubuhi za kwanza saa moja ilipofika niliitazama ile simu. Alikuwa akija mara chache, amevaa nguo za safari, na koridoni mwetu tuliongea kama watu wasiojuana sana. Sauti yake ilikuwa ya nyumbani. Uso wake ulikuwa wa mgeni.

Baada ya kuagana na mwalimu juzi, niliitafuta namba ya mama wa Mahoo nikampigia. Hakupokea. Baada ya muda mfupi simu yangu ikalia, na haikuwa simu ya kawaida, ilikuwa ya picha. Binti yake amemnunulia simu kubwa.

"Daktari! Nakuona! Unaniona?"

Nilimwona. Na nyuma yake, kwa mara ya kwanza, niliiona nyumba niliyokaa ndani yake asubuhi zote zile. Nilikuwa nimeijenga vibaya kichwani. Mlango nilioujua upande wa kushoto ulikuwa kulia. Jiko lilikuwa dogo, chungu cha mchanga kikubwa kuliko nilivyodhani. Na mama mkwe, ambaye kwa sauti ile nilimfanya mwanamke mpana mwenye mabega, alikuwa mdogo kama mtoto aliyefunikwa leso, amekaa kwenye jua la mlangoni.

Simu ikasogezwa karibu kabisa na uso wake. Alinitazama sana, jicho moja moja.

"Hii ni nani?"

"Ni yule sista, mama."

Akapapasa kioo kwa kidole. "Kumbe sista amefuga ndevu," akasema. Akafikiria kidogo. "Haya, tumeonana." Akamgeukia mkaza mwana wake. "Umemaliza kupima wewe?"

"Nimepima, mama. Saba kamili. Nimenawa."

"Basi nipe ndizi yangu."

Simu ikawekwa juu ya kigoda, uso juu. Sikuona tena kitu ila mabati yaliyopakwa moshi na mwanga mdogo kwenye tundu la msumari. Hakuna aliyekumbuka kuikata, na mimi sikuikata. Nilisikia ganda likimenywa, vidole vikiponda kwenye bakuli, na wale wawili wakianza kugombana taratibu kwa Kitaveta.